Nyumba mpya inasumbua? Tafuta chanzo kabla hujatoa hela

Watu wengi wakihamia nyumba yao mpya wanategemea raha ianze siku hiyo hiyo, na wana haki, maana mtu umejenga miaka, umejibana, umehamia Goba au Chanika au Kibada huko pembezoni mwa Dar, sasa unataka upumzike. Afu haijapita muda rangi inavimba chumbani, bafu la wageni linanuka, usiku bati linalia juu, LUKU (umeme wa kulipia kabla) inakimbia, na watoto wanauliza tunarudi lini kule tulikokuwa. Hapo ndo wengi wanaita fundi wa kwanza anayepita, anapaka, anaziba, anachukua chake, na baada ya miezi michache tatizo liko palepale maana alitibu dalili tu.

Kitu cha kushika ni hiki: nyumba ya tofali za saruji siku unayohamia bado haijatulia. Ndani ya kuta, plasta na jamvi (lile zege la sakafu) kuna maji mengi yanatafuta pa kutokea, mbao za kenchi zinazobeba paa bado zinakauka, udongo chini ya msingi bado unazoea mzigo. Mpaka ipite masika moja na kiangazi kimoja ndo utaijua vizuri. Kwa hiyo mwaka wa kwanza angalia, pima, andika tarehe, na hela yako ipeleke kwenye vitu vinavyovuja na vinavyopiga shoti, hivyo ndo havisubiri. Mengine mengi yanasubiri.

Rangi inavimba, inabanduka, ukuta una mabaka

Swali la kwanza ni alama iko wapi, chini, katikati au juu karibu na dari, maana kila sehemu ina chanzo chake.

Ikiwa chini, kuanzia sakafuni mpaka kama usawa wa kiuno, kuna mambo mawili. Ama plasta ilipakwa rangi kabla haijakauka (na hii ni kawaida sana, mtu anataka kuhamia kabla ya sikukuu, plasta ya wiki mbili inapigwa skimu na rangi ya silka juu yake, maji yamefungiwa ndani yatoke wapi?), ama unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukitaka kujua chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa daftari unatosha, kibandike ukutani na selotepu pande zote nne pasiingie hewa, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani unaoangalia ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta ndani pakavu ila nje pana umande, hiyo ni hewa ya chumba yenyewe ina unyevu, fungua madirisha, acha kuanika nguo ndani, basi.

Sasa kama yanatoka ukutani, bandua rangi yote iliyovimba na uuache ukuta wazi mpaka kiangazi, najua unakera kuutazama ila vumilia. Ukikauka na ukabaki mkavu hata mvua zikirudi, ilikuwa haraka ya rangi tu, paka upya umalize. Lakini ukiloa tena, na mstari wa unyevu unasimama palepale kila mara, ujue maji yanapanda. Kabla hujaanza kulaumu kwamba nailoni haikuwekwa chini ya jamvi na juu ya msingi, toka nje uangalie udongo umefika wapi. Sakafu ya ndani inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15. Watu wakishamaliza nyumba wanamwaga kifusi, wanaweka pevingi, wanapandisha bustani ya maua mpaka inalala kwenye ukuta, na hapo unyevu unapita pembeni, unaruka ile nailoni, unaingia ndani. Dawa yake ni kuchimba kushusha ule udongo na kuweka mteremko maji yakimbie mbali na ukuta. Hii ni kazi ya jembe na koleo, na inaokoa nyumba kuliko rangi yoyote utakayouziwa dukani.

Kama kinachotoka ni unga mweupe unaobaki mkononi, hiyo ni chumvi, na huku pwani ipo sana hasa kama fundi alichanganya saruji na maji ya kisima cha chumvi au mchanga wenyewe ulikuwa na chumvi. Usiuoshe kwa maji maana yanairudisha ndani. Sugua kwa brashi kavu, zoa utupe nje, rudia mpaka iache kutoka ndo upake.

Alama ikiwa katikati ya ukuta angalia upande wa pili kuna nini. Mara nyingi kuna bafu. Funga koki zote ndani ya nyumba afu kaa uangalie mita ya maji kama nusu saa, ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja. Wa simtanki fungeni maji yanayoingia usiku, weka alama ya usawa wa maji, asubuhi uangalie. Kama mita imetulia na ukuta bado umeloa, basi ni maji ya kuoga yanapenya kwenye viungio vya tailizi. Kuna familia Mbezi walikuwa wanapaka chumba cha watoto kila baada ya miezi, mpaka alipokuja fundi bomba mmoja mtu mzima akainama bafuni akakuna kiungio cha tailizi chini ya shawa kwa ukucha, kikatoka kama unga. Kilichotakiwa ni kukwangua viungio na kuviziba upya, bafu halikutumika siku kadhaa, na mabaka hayakurudi.

Juu karibu na dari ni paa, na hapa niseme wazi kuhusu hizi nyumba za paa la kuficha ambazo sa hivi kila mtu anazitaka. Zinapendeza, ila maji yote ya mvua yanakusanyika kwenye mfereji ulio nyuma ya ukuta wa juu, na ule mfereji ukiwa na mteremko mdogo au tundu moja tu la kutolea maji, jani la mwembe au mfuko wa rambo mmoja unatosha kujaza maji yaje ndani. Kabla ya vuli na kabla ya masika mtu apande asafishe, kila mwaka, hakuna njia ya mkato. Na mwambie akuongezee tundu la pili la dharura, likiwa juu kidogo ya lile la kawaida, ili la kwanza likiziba maji yatokee nje uyaone kabla hayajashuka kwenye dari ya jipsamu. Kwa paa la kawaida angalia kofia (bati linalofunika kilele), mabonde pale mapaa mawili yanapokutana, na misumari iliyopigwa ikapinda.

Nyufa

Usishtuke kila ufa. Nyufa nyembamba zilizotapakaa ovyo ukutani ni plasta ilikauka haraka, haikumwagiliwa, au mchanga ulikuwa na udongo mwingi. Hazina madhara. Ufa ulionyooka kutoka kwenye swichi kwenda juu mpaka darini ni pale fundi umeme alipochimba kupitisha bomba la waya akaziba juujuu. Ufa unaofuata pale nguzo ya zege inapokutana na tofali ni kawaida pia, vitu viwili tofauti havipanuki sawa, ukirekebisha waambie waweke wavu wa waya kabla ya plasta.

Wa kuogopa ni ule unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unashuka kwa ngazi kufuata viungio vya tofali, upande mmoja mpana kuliko mwingine, na unauona ndani na nje. Chukua penseli, chora kamstari mwisho wa ufa kila upande, andika tarehe hapohapo ukutani, pima upana na rula. Rudi mwezi ujao, na unaofuata. Usipoongezeka kitu, msingi ulikaa ukatulia. Ukiendelea kukua, au umefika milimita 5, ita injinia aliyesajiliwa aje aangalie msingi na udongo, hasa kama uko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ule unaovimba mvua na kupasuka kiangazi. Usiuzibe kabla hajauona, maana ufa ndo unaomuonyesha nyumba inaelekea wapi.

Tailizi zinazolia tupu ukigonga: moja mbili ziache. Zikianza kuinuka zenyewe katikati ya sebule zimebanana, hazikuachiwa nafasi pembeni ya ukuta za kupanuka. Zinang'olewa zile tu, na pembeni panaachwa uwazi unaofunikwa na sketi, kile kipande kinachozunguka chini ya ukuta.

Sauti usiku

Hili linaondoa watu usingizi kweli na wengine linawaletea hofu kubwa, nyumba mpya, eneo bado pori, afu kuanzia saa moja jioni juu ya dari pa! pa! Bati limepanuka na jua mchana kutwa, jua likizama linasinyaa na kuvuta misumari, na kenchi mbichi nazo zinajinyonga zikikauka. Ikianza jioni, ikachanganya saa za mwanzo za usiku, ikanyamaza usiku wa manane na kurudi asubuhi jua likichomoza, ni bati. Mwaka wa pili hupungua sana. Sauti ya kukwangua na kukimbia ni panya au popo, wameingia kwenye uwazi kati ya bati na ukuta, ziba kwa wavu wa chuma, ila kwa popo subiri wametoka jioni ndo uzibe usije ukawafungia humo.

Joto, hasa usiku

Unalala umefungua kila kitu, feni inaleta hewa ya moto. Kabla hujanunua kiyoyozi fanya hivi: saa mbili usiku weka kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi, afu panda kwenye kiti uguse dari. Ukuta ukiwa wa moto kuliko dari, jua la mchana ndo limeupiga kuanzia saa nane mpaka linazama na tofali limehifadhi joto lote, sasa linalitoa wewe ukiwa umelala. Dari ikiwa ya moto kuliko ukuta, tatizo ni hewa iliyofungiwa kati ya bati na jipsamu.

Kwa ukuta, kivuli tu. Kibaraza cha bati upande ule, au mti, mwarobaini unakua upesi na unavumilia ukame, ila usiusogeze karibu na msingi wala karo la choo (shimo la maji machafu) maana mizizi inafuata maji. Wakati mti unakua, mkeka au turubai lililoning'inizwa nje ya dirisha saa za jua linasaidia kuliko pazia zito la ndani, kwa sababu pazia linazuia jua likiwa limeshaingia. Kwa dari, toboa matundu ya hewa kwenye dari ya nje pande zinazopingana na uyawekee nyavu, na ukipata nafuu ya hela weka ile karatasi inayong'aa kama fedha ya kurudisha joto chini ya bati, tena ingewekwa wakati wa kuezeka ingekuwa rahisi zaidi.

Afu kuna madirisha. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, hata ulifungue lote, linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo. Huku pwani upepo wa kusi unatoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, kaskazi unatoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba mpaka Machi, maana yake upande wa mashariki ndo mlango wa upepo karibu mwaka mzima. Chumba chenye dirisha moja upande wa magharibi kitapata shida hata uweke feni tatu. Mwenye uwezo atoboe tundu la hewa juu ya mlango ili upepo uvuke, na madirisha ya mashariki yabadilishwe yawe ya kufunguka kama mlango.

Harufu chooni na maji dhaifu

Bafu ambalo halitumiki likianza kunuka, kwanza mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni na kwenye sinki. Chini yake kuna kona ya bomba inayotakiwa ikae na maji muda wote kuzuia hewa ya karo isipande, ikikauka harufu yote inaingia. Mara nyingi inaishia hapo. Harufu ikiwa kila siku kwenye bafu linalotumika, hiyo kona haikuwekwa, au bomba la kupumulia halipo. Ukivuta maji chooni na sinki likakoroma, tatizo ni hilo bomba la kupumulia, halipo au limeziba. Na likiwepo, mdomo wake wa juu ufungwe nyavu, mbu wanapenda sana karo.

Maji kutoka kidogo kwenye koki moja tu na kwingine ni mazuri: fungua mdomo wa koki, toa kichujio, utakuta mchanga na vinyuzi vya plastiki vya mabomba yalipokatwa. Osha urudishe. Kutoka kidogo kote ni urefu wa mnara wa tanki. Tanki lililo mita 3 juu ya koki linakupa presha ndogo sana, kila mita 10 ndo presha ya baa 1, kwa hiyo hita ya shawa haitawaka vizuri mpaka uweke kapampu.

LUKU inakimbia, na shoti

Zima breka zote kwenye boksi la ndani, nenda kwenye mita, angalia kitaa kinachopepesa. Kikiendelea kupepesa na kila kitu kimezimwa, umeme unapotea kati ya mita na boksi. Kikinyamaza, washa breka moja moja uone ipi inakifanya kikimbie. Hita ya shawa ya kilowati 3.5 ikitumika dakika 20 imekula zaidi ya yuniti 1, sasa nyumba ya watu sita wanaoga asubuhi na jioni, piga mwenyewe. Kingine, kama yuniti zimekuja chache kuliko hela uliyotoa, kumbuka kodi ya jengo ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, na ukikaa miezi bila kununua deni linakusubiri.

Ukigusa friji au koki ya bafuni ukasikia kachoma kadogo, usiseme nitazoea. Zima meni swichi na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aangalie ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, leo hii hii. Watoto wanagusa koki wakiwa wameloa.

Milango inabana

Masika mbao inanyonya unyevu inavimba. Ukikimbilia kuipiga randa, kiangazi utabaki na mwanya wa kupitisha mjusi. Kaza kwanza skrubu za bawaba za juu. Afu ushushe mlango uangalie ukingo wa chini na wa juu, karibu kila mara utakuta mbao tupu, fundi amepaka vanishi pale panapoonekana tu, na unyevu unaingilia hapo. Paka vanishi kingo zote zikiwa kavu.

Na ukiona kijia cha udongo kinapanda kwenye fremu, ni mchwa. Kukikwangua tu hakusaidii, kundi liko chini. Ondoa mabaki ya mbao za shata zilizoshikilia zege wakati wa ujenzi na visiki vyote kuzunguka nyumba, ita mtu wa dawa atoboe pembezoni mwa msingi aingize dawa ardhini.

Kila kitu kizima ila haikaliki

Hii nayo ina sababu zake, na nyingi zinashikika. Piga kofi katikati ya sebule. Ikirudi sauti, ndo maana mnaongea kwa kupayuka na kila mtu anachoka anakimbilia chumbani: tailizi, jipsamu na vioo vinarudisha sauti yote. Pazia la kitambaa kutoka juu mpaka chini, zulia au mikeka mikubwa, kochi la kitambaa, kabati la vitabu, vinaimeza. Angalia na balbu, kwenye boksi kuna namba ya rangi ya mwanga, 6500 ni ule mwanga mweupe wa dukani, weka 3000 sebuleni na vyumbani uone jioni watu wanavyokaa.

Tena angalia watu wenyewe wanakaa wapi. Kama wote wanaishia kibaraza cha nyuma karibu na jiko, peleka viti huko, ezeka vizuri, weka taa na soketi. Sebule yenye makochi ya nailoni yasiyotolewa haitapendwa na mtu, toa hizo nailoni, acha watoto wakalie. Na kila mtoto achague kitu kimoja chumbani kwake, hata rangi ya pazia, aliyezoea kulala na wenzake chumba kimoja msimlazimishe kulala peke yake kwa sababu tu vyumba vipo.

Upweke ndo unachukua muda mrefu zaidi, hasa kwa anayeshinda nyumbani, mara nyingi mama au bibi, kule alikotoka alikuwa anaomba chumvi ukutani na huku geti limefungwa mchana kutwa. Nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe mwenyewe usisubiri kuitwa, ingia kwenye ulinzi shirikishi, changia msiba wa kwanza utakaousikia hata kama humjui marehemu, na uende ukakae. Ukifanya dua au ibada ya kuingia nyumba, usiite ndugu wa mbali peke yao, alika nyumba zote zinazokuzunguka, na fundi waliojenga pia, maana hao ndo wanaojua bomba limepita wapi na siku ukitaka kutoboa ukuta utawapigia simu.